Maswali na majibu: Muulize bibi yako angali hai

Nimepokea maswali mengi kuliko nafasi niliyopewa. Yale ya kumrudisha mume nimeyaweka kando yote. Wanaoyauliza wanatafuta dawa, mimi sina, na yeyote atakayekwambia anayo anautaka mkoba wako. Yaliyobaki ndiyo haya.

"Jirani zetu hapa Mbweni, Unguja, wamefikiwa na mgeni, mama mtu mzima kutoka Utah, Marekani, kaja kuwatazama wajukuu zake. Dini yake Mormoni. Nilimwalika nyumbani nikampikia chai ya maziwa, akakataa. Nikaleta kahawa, akakataa pia, akaomba maji. Watu wa nyumbani wanasema katudharau. Ni kweli?" – Msomaji, Mbweni

Hakukudharau, mwanangu. Chai kwao imekatazwa kama mvinyo ulivyokatazwa kwako. Wanayo amri wanayoiita Neno la Hekima, ya mwaka 1833, kutoka kwa Joseph Smith wanayemwamini kuwa ni nabii wao. Wasinywe pombe, wasivute tumbaku, wasinywe chai wala kahawa. Maandishi yenyewe yanataja "vinywaji vya moto", na viongozi wao wakafafanua kwamba makusudio ni hiyo chai na kahawa, si umoto wa kikombe. Kwa hiyo chemsha mchaichai na tangawizi na kijiti cha mdalasini, tia sukari, usitie majani ya chai hata chembe, na kabla hujammiminia mwambie kilichomo na kisichokuwemo. Naamini atakunywa na atakuomba umfundishe. Dafu halina tatizo, juisi ya ukwaju wala ya bungo pia hazina.

Usimwalike kwenda sokoni Darajani siku ya Jumapili. Siku hiyo kwao ni ya ibada na mapumziko, wanajizuia kununua na kuuza. Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga milo miwili bila ya chakula wala maji, na thamani ya kile wasichokula wanaitoa kwa masikini. Ukimkuta mdomo mkavu siku hiyo, wewe uliyezaliwa kisiwani humu huna haja ya kuelezwa. Na jina nalo muulize mwenyewe. Mwaka 2018 aliyekuwa mkuu wao, Russell M. Nelson, aliwataka watu waache kusema Mormoni, watumie jina kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wapo wanaojali, wapo wasiojali.

Kinachonikera ni hao watu wako wa nyumbani. Sisi tukienda kwa watu tunageuza pakti ya biskuti kusoma maandishi madogo tusije tukala jelatini isiyo halali, na tunataka mwenyeji atuelewe. Mgeni akikataa kikombe kwa sababu ya Mungu wake, tunasema katudharau! Mwiteni tena. Na muulize kama anashona. Akina mama wengi wa rika lake huko kwao wana mkono wa kuunga vipande vya nguo kuukuu, wakatia pamba katikati, wakashona tabaka zote pamoja ikawa shuka nzito la kujifunika wakati wa theluji. Kama ni mmoja wao, mpeleke kwa mama anayesuka ukili, muwaache wenyewe. Watafahamiana bila ya mkalimani.

"Mgeni huyohuyo aliniuliza bibi wa mama yangu aliitwa nani. Sikujua. Akanionesha daftari la majina ya kwao mpaka wale waliovuka Marekani wakisukuma mikokoteni. Kwa nini wenzetu wanashughulika hivi na waliokufa? Na kaka yangu aliyeko ng'ambo anataka kuweka majina yetu kwenye mtandao wao. Kuna ubaya?" – Msomaji huyohuyo, Mbweni

Wao wanaamini kwamba ukoo unaweza kuunganishwa hata baada ya kufa, na kwamba aliyefariki bila ya kuipata dini yao anaweza kubatizwa kwa niaba, mtu hai akisimama mahali pake ndani ya hekalu. Wanasema marehemu mwenyewe ana hiari ya kukubali au kukataa. Ndiyo maana wanatafuta majina kwa bidii ile. Jumuiya yao ya nasaba waliianzisha mwaka 1894, na mtandao wao, FamilySearch, hutumiwa bure hata na wasiokuwa wa dini yao. Sisi hatuna itikadi hiyo. Wetu tunawaombea dua, tunawasomea khitma, tunawatolea sadaka. Kanuni ya kanisa lao inamtaka muumini apeleke kwa ubatizo huo majina ya jamaa zake mwenyewe tu, lakini jina likishawekwa mahali pa watu wote huchagui nani alisome. Mwambie kaka yako awaulize wazee wa ukoo kwanza. Wasiporidhia, aache. Na walio hai asiwaweke kabisa, kwa sababu jina kamili la mama na tarehe ya kuzaliwa ndivyo vitu wanavyovitaka matapeli wa simu.

Sasa hilo la kutojua, ambalo ndilo lililonifanya nilichague swali lako. Bibi wa mama yako hujui jina lake, na hauko peke yako. Majina yetu Zanzibar yanafuata baba: lako, la baba yako, la babu yako. Mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake, na hilo ni jema, lakini mtoto wake halibebi. Kwa hiyo upande wa kuumeni unaandikwa katika kila cheti na kila kitambulisho, na upande wa kukeni unakaa kichwani mwa mtu mmoja, naye ni bibi yako. Tuna maneno ya kushuka chini: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya. Kupanda juu upande wa mama, wengi wetu tunakwama hatua ya pili.

Usimwendee na karatasi kama karani wa sensa. Kaa naye anapochagua mchele, chukua ungo wako na wewe. Anza na bibi mzaa mama, kwa sababu babu mzaa baba yumo kwenye vyeti na hakimbii. Uliza jina la mama yake, jina la baba wa huyo mama, kijiji, shamba, nani alimlea, kazikwa wapi. Bibi mwenyewe usimuulize kazaliwa mwaka gani, wa rika lile wengi hawakuandikwa. Muulize siku za Vita vya Ng'ombe, wakulima walipokataa ng'ombe wao wasichanjwe kwa nguvu, alikuwa mkubwa kiasi gani, ukajua hiyo ni 1951. Muulize alikuwa keshaolewa alipofariki Sultani Khalifa, hiyo ni 1960. Muulize Mapinduzi yalimkuta na watoto wangapi, hiyo Januari 1964. Mama yangu nilimpatia umri wake kwa njia hiyo. Alikumbuka kwamba siku ya Vita vya Ng'ombe shangazi yake alimfungia chumbani, naye analia huku ulimi unapita kwenye pengo la meno mawili ya mbele. Mtoto wa pengo ni wa miaka sita au saba. Kabla ya hapo cheti chake kilimzeesha kwa miaka minane.

Kuna mlango mmoja, ukiufikia simama. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Bibi yako anaweza kuwa alilelewa na mtu aliyelelewa na aliyeletwa kwa jahazi. Wapo waliobadilisha majina ili watoto wao wasinyooshewe kidole. Akinyamaza, nyamaza naye, mzungumze mengine. Akikwambia, umepewa amana, usiipeleke kwenye kundi la familia la WhatsApp jioni ileile. Na wale wanaotafuta nasaba ili wapate babu wa kujisifia, wanachofanya ni dhuluma: wanamchukua babu mmoja wa Oman na kuwatupa bibi saba wa Donge na Makunduchi.

Andika kwa wino, daftari la jalada gumu, nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

"Nikipika pweza wa nazi kila mara tui linakatika. Kwa nini?" – Msomaji, Kwerekwe

Nimelijibu hili Ramadhani iliyopita na ile ya kabla yake. Unatia tui zito mapema, unafunika sufuria, unakwenda kushika simu. Pweza aive kwa tui la pili, lile jepesi. La kwanza, ulilolikamua kwenye kifumbu, litie mwisho na moto mdogo, na tangu hapo mkono usitoke kwenye upawa: teka, mimina, teka, mimina, mpaka litokote. Ndimu baada ya hapo, si kabla. Kama nyumbani kuna mtu mzima, simama ubavuni pake mara moja tu akipika. Hutaniandikia tena.

"Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Akitoka chuo cha Kurani anakaa na babu yake wanashona kofia. Baba yake hataki, anasema kushona ni kazi ya wanawake. Nimjibu nini?" – Mama wa Wete

Mwambie aivue ile anayokwenda nayo msikitini Ijumaa aitazame vizuri. Kofia ya mkono imeshonwa na wanaume na wanawake pwani nzima, toka Barawa mpaka Ngazija. Babu anayemfundisha mtoto ni mwanamme, na baba asiulize zaidi ya hapo.

Niliwahi kukaa na mshonaji mmoja kijijini Pemba asubuhi nzima. Kitambaa cheupe tabaka mbili, nakshi imechorwa kwa penseli. Anatoboa tundu, halafu anaizungushia uzi, mshono baada ya mshono, kila mmoja unaubana uliotangulia, mpaka mdomo wa tundu unakuwa mgumu kama ukingo wa sahani. Hicho ni kiua kimoja. Anahamia cha pili. Ilipoadhiniwa adhuhuri safu moja ilikuwa haijatimia, na hapo bado sehemu ya juu iliyo duara, bado kuunganisha. Kofia ya kazi nyingi inakula miezi. Kisha anakuja mchuuzi, anaipindua mara mbili, anataja bei ambayo haitoshi unga wa wiki, na mshonaji anapokea kwa sababu mwezi ule hana pengine pa kutegemea.

Na wanunuzi mnalisaidia hilo mnaponunua za mashine zinazoletwa kutoka nje mkaambiwa ni za Zanzibar. Inyanyue kofia kwenye mwangaza. Ya mkono, jua linapenya kwenye viua, na ndiyo maana kichwa hakitoki jasho. Ya mashine mara nyingi ina michoro ya tundu bila ya tundu. Ipindue ndani pia: nyuzi za mashine zinakwenda bila kupumzika, sawasawa mno.

Mwache mtoto ashone. Mchungie macho tu. Ashone mchana kibarazani, si usiku kwa taa ya simu, na isimkoseshe skuli. Na siku akimaliza kofia yake ya kwanza, hata ikiwa imekwenda upande, baba yake aivae.

"Udi wangu unatoa moshi wa kuunguza macho, hata harufu hatuisikii." – Msomaji, Jang'ombe

Makaa hayajakolea, subiri yafanye majivu meupe juu ndipo utie udi, na chetezo usikiache chumba kilichofungwa akiwa amelala mtoto mchanga.

"Bibi yangu ana miaka 79, ana sukari na presha. Daktari kamkataza kufunga. Ramadhani anakubali mbele yetu, kisha anafunga kwa siri na dawa anazificha chini ya mto. Tumlipieje?" – Mjukuu, Mkoani

Ya kulipa ni mepesi. Mzee asiyeweza, au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hana kadha, yaani hadaiwi kuzifunga siku hizo baadaye. Anatoa fidia ya kumlisha masikini kwa kila siku, na msingi wake ni Sura ya Al-Baqara, aya ya 184. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa na watu wa mji, yaani mchele, kwa siku moja. Ramadhani ya siku 30 ni vibaba 30, pishi saba na nusu. Mpelekeeni masikini anayejulikana mtaani kwenu.

Lakini hayo siyo yaliyonitia hofu. Bibi anaficha dawa! Mtu wa sukari anayefunga kwa siri anaweza kushukiwa na sukari alasiri, akatokwa na jasho la baridi, akatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, nanyi mkadhani kachoka. Mkiona hivyo na angali anaweza kumeza, mpeni kitu cha sukari pale pale, saumu au si saumu. Akizimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na mjiulize kwa nini anajificha. Miaka sitini amefunga. Alfajiri nyumba nzima inaamka kula daku yeye mnamwambia lala. Magharibi mnakaa jamvini na uji wa pilipili manga, yeye mmeshampa chakula chake saa sita peke yake jikoni. Mmemtoa katika Ramadhani, naye anapigania kurudi. Mwamsheni daku akae nanyi. Apime yeye mwenyewe mchele wa fidia, kibaba kibaba, kwa mkono wake, na mmoja wenu aupeleke naye. Mleteni imamu wa msikiti wa karibu amwambie uso kwa uso kwamba ruhusa imetoka kwa Mola. Kwa mdomo wa mjukuu hatasikia, na hana makosa.

"Mchele wa kuweka unaingia fukusi. Tutumie dawa gani? Na kuna haja ya kuweka akiba siku hizi, duka liko mlangoni?" – Msomaji, Fuoni

Usitie sumu ya wadudu kwenye chakula. Uanike mchele juani mpaka ukauke sawasawa, upoe, kisha utie kwenye dumu kavu la mfuniko wa kubana, na majani makavu ya mwarobaini au pilipili kavu katikati. Weka tarehe. La zamani liliwe kwanza.

Haja ipo sana. Sehemu kubwa ya mchele tunaokula visiwani unakuja kwa meli, na bahari ikichafuka ndipo unapojua duka la mlangoni lina magunia mangapi nyuma. Yule mgeni wa Mbweni angekueleza: kanisa lao linawahimiza watu wajitahidi taratibu kuwa na chakula cha miezi mitatu nyumbani, cha kile wanachokula siku zote, na maji ya kunywa, na pesa kidogo ya dharura. Sisi bibi zetu walikuwa na muhogo mkavu na papa mkavu darini, na hakuna aliyewahimiza. Anza na kilo mbili za ziada kila mwezi. Usikope kwa ajili ya akiba.

"Naweza kuanika karafuu kwenye lami? Zinakauka haraka." – Msomaji, Konde

Hapana. Zianike kwenye majamvi. Lami inazitia harufu na mchanga, magari yanazivunja, na utashushiwa daraja wakati wa kuuza.

"Wajukuu zangu watano wako kwangu likizo hii, kila mmoja na simu yake. Nikisema nao wanaitikia 'naam bibi' bila kuinua uso. Nimekaa kimya sasa. Au mimi ndiye niliyepitwa?" – Bibi, Makunduchi

Shikamoo, bi mkubwa. Swali lako nimelisoma mara tatu, na la mwisho nililisoma nimesimama.

Hujapitwa. Kukaa kimya ndiko kusikokufaa, kwa sababu wao watadhani huna la kusema. Nitakupa mfano wa haohao Wamormoni, kwa kuwa jambo jema huchukuliwa popote. Tangu mwaka 1915 viongozi wao waliwahimiza watu watenge jioni kwa ajili ya nyumba zao, na baadaye ikawa Jumatatu. Kanisa halipangi mikutano jioni hiyo. Wazazi, watoto na bibi kama yupo, wanakaa pamoja, wanasoma, wanaimba, wanacheza, wanakula kitu kitamu. Kilichowasaidia ni kuwa siku inajulikana. Haisubiri mtu awe na nafasi.

Chagua siku yako. Baada ya magharibi tandika mkeka uani, weka kaimati za moto katikati, na simu zote tano zitie chini ya kawa, yako iwe ya kwanza kuingia. Usianze na nasaha. Wape kila mmoja miyaa mitatu waanze kusuka, mikono ikishughulika midomo inafunguka, na uwaache wakosee. Mdogo kabisa mkalishe karibu na goti lako. Kisha sema "Hadithi, hadithi!" Hawataijua itikio, wafundishe: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Simulia moja tu, uikatishe pazuri, uwaambie iliyobaki wiki ijayo.

Kabla hujafunua kawa, watege: kuku wangu katagia miibani. Asiyejua kuwa ni nanasi akupe mji, nawe umpe jina la mama wa bibi yake alikaribishe.